Watoto wetu wanaijua lishe hadi kwenye mtihani. Mbona wakitoka getini ni chipsi na soda?

#1 Bi_Mkomani (Amu)

Asalaam aleikum wanajukwaa.

Nina jambo linaniwasha. Wikendi huwa nakaa na vijana wa mtaani kwetu hapa Amu, mji wa Lamu, wa miaka 13 hadi 17, tunasaidiana kazi za shule. Juzi tuliingia kwenye lishe, maana hawa wa gredi ya 8 na 9 wana somo la Kilimo na Lishe. Nikawaambia wafunge vitabu, kila mmoja aandike anachokijua kuhusu chakula bora.

Wakaandika kwelikweli. Wanga wa kutia nguvu, protini ya kujenga mwili, vitamini za kuulinda. Kwashiakoo na marasmasi, dalili moja baada ya nyingine. Mmoja akaniandikia kwamba ukosefu wa vitamini A huleta upofu wa usiku, na ukosefu wa vitamini C huleta kiseyeye. Moyo wangu ukafurahi.

Kisha nikawauliza: leo asubuhi umekula nini? Kila kitu kiweke kwenye kundi lake. Hapo kalamu zikasimama. Mbaazi za nazi wengi walizitia kwenye "mboga" wakaendelea. Walipotaja chakula bora walitaja tufaha, brokoli, maziwa ya pakiti na siagi ya njugu. Brokoli hapa Amu unainunua duka gani? Mchunga, kisamvu, kunde, ubuyu, dagaa, hakuna aliyeviandika. Msichana mmoja, mwerevu sana, akaniambia, "Dada, hivyo ni vya nyumbani tu."

Tulipomaliza nikapita gengeni nikawakuta wamepanga foleni ya chipsi, tomato na pilipili juu, soda mkononi. Wale wale walioandika.

Sasa nauliza: wanajua, au wamekariri? Na kama wanajua, kinachowazuia ni nini?

---

#2 Nahodha_Shela

Wa aleikum salaam Bi Mkomani.

Sisi hatukufundishwa lishe darasani, na hilo neno vitamini nimelisikia nishakuwa mtu mzima. Lakini asubuhi ni mkate wa mofa na mchuzi wa papa, au muhogo wa kuchemsha. Mchana wali na samaki, kando yake mchicha au mchunga. Ukitaka kitamu unaubugia ubuyu mkavu, ule usiotiwa rangi wala sukari. Na Shela hadi Amu tulikuwa twenda kwa miguu ufuoni na kurudi. Leo kijana anangoja boti hata kama amechelewa nusu saa.

Elimu ya chakula ilikuwa jikoni. Mama amepika, mtoto amekula alichowekewa. Leo jikoni kumepoa, mtoto anapewa hela akajitafutie. Ongeza na simu mkononi. Hapo ndipo tulipopotelea.

---

#3 Kadzo_wa_Magarini

Nahodha, shikamoo. Jikoni hakukupoa kwa kupenda.

Huku kwetu Magarini mama anatoka alfajiri kwenda kibarua, anamwachia mtoto shilingi 50. Kwa hamsini hiyo chipsi atapata, na zitamshikilia hadi jioni. Machungwa mawili hayamshibishi kijana wa miaka 16 aliyetoka kucheza mpira. Embe zikiwa msimu zinaoza chini ya miti, lakini jaribu kuulizia embe msimu ukipita.

Na samaki mnaemtaja: kusi ikivuma, bahari imechafuka, vyombo vidogo haviendi mbali, bei inaruka. Hata bahari ikitulia, samaki mzuri njia yake ni ya hotelini. Muulize mtu wa Kizingitini kamba mawe wanaliwa na nani. Mtoto wa mvuvi anajua samaki ni protini, tena anamjua kwa jina, kwa msimu na kwa mwamba anaokaa. Ila baba amemuuza ili anunue unga.

Msiite hilo ujinga wa lishe. Ni mfuko.

---

#4 Kijana_K3 (Malindi)

Shikamoo nyote. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Malindi, nasoma huu uzi tangu asubuhi na naona tunasemwa tu.

Tunajua. Swali la Bi Mkomani ni zuri lakini hakutuuliza mapumziko ni muda gani. Kengele ikilia unakimbia getini, pana smoki (zile soseji), mayai pasua, viazi karai, kachiri za muhogo, mabuyu mekundu, soda na juisi za rangi kwenye vipakiti. Una dakika chache, nyuma yako pana watu. Unachukua kilicho tayari. Februari Malindi jua limekaa utosini, mtu akuambie unywe maji ya mfereji yaliyochemka kwenye tangi wakati soda iko kwenye barafu?

La pili, nitalisema wazi: ukitoa muhogo au mahamri ya jana kwenye mfuko, wanakucheka mpaka mwisho wa muhula. Chipsi ni chakula cha mtu aliye na pesa. Hata kama nilikopa hiyo pesa.

La tatu, wanatufundisha aina, hawatufundishi kiasi. Najua sukari ni wanga. Soda moja ina sukari ngapi, hilo hakuna aliyeniambia.

---

#5 Nesi_wa_Pwani

Kijana, shukran kwa kujitokeza. Nitakujibu hilo la kiasi.

Soda ya kola ya chupa ya nusu lita ina sukari kama gramu 53. Kijiko cha chai ni gramu 4 hivi, kwa hiyo ni vijiko 13. Chukua kikombe cha maji, kitie vijiko 13 vya sukari mbele ya ndugu zako, uone nani atakinywa. Barafu na gesi ndivyo vinavyoficha ule utamu. Shirika la Afya Duniani linasema vijiko 6 kwa siku ndiyo mwisho.

---

#6 Mhesabu_Gede

Nesi, hapo pa mwisho pataka kunyooshwa. Mwongozo wao wa 2015 una ngazi mbili. Pendekezo kuu ni sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi 10% ya nguvu unayopata kwa siku, na kwa mtu mzima anayekula kalori 2,000 hiyo ni gramu 50, vijiko 12 hivi. Kushuka chini ya 5%, yaani gramu 25 au vijiko 6, wamesema ni kwa faida zaidi. Tusiwape watoto namba nusunusu, ndiyo maana hawatuamini.

Ila hata kwa ngazi ya juu, hiyo chupa moja imeshavuka mstari kabla hajala mahamri.

---

#7 Nesi_wa_Pwani

Sawa Mhesabu, ngazi mbili, na hesabu yako ya chupa ndiyo niliyotaka ifike.

Lakini mimi sukari si kilio changu kikubwa. Kilio changu ni wasichana na damu. Wanakuja kliniki wamechoka, kizunguzungu, mapigo ya moyo ya kasi kwa kupanda ngazi tu, ukifunua kope la chini ndani ni peupe. Ukimuuliza anakujibu vizuri: madini ya chuma yako kwenye maini, nyama, maharagwe, mboga za kijani. Amejibu sawa. Hajui moja tu, na hilo moja ndilo linalomwangusha.

Tazameni kiamshakinywa chetu hapa pwani. Mahamri mawili, bakuli la mbaazi za nazi, kikombe cha chai iliyokolea mpaka imekuwa nyekundu. Mbaazi zina chuma. Lakini chuma cha nafaka, kunde na majani hakishikwi na mwili kwa urahisi kama kile cha nyama na samaki, na tanini ya chai inakikamata tumboni kabla mwili haujakichukua. Anakula chuma kila asubuhi na kukifungia mlango papo hapo.

Dawa yake haina gharama. Chai isogee saa moja baada ya chakula. Na juu ya mbaazi kamua ndimu, au kula na kachumbari ya embe mbichi, maana vitamini C inakisaidia hicho chuma kuingia. Chakula kile kile, sufuria ile ile.

Kwa viwango vya Marekani msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za chuma kwa siku, mvulana wa umri huo 11. Sababu ni hedhi. Na Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya chuma na foliki mara moja kwa wiki kwa walioanza hedhi, katika maeneo ambayo upungufu wa damu umefika 20% ya wanawake wa umri wa kuzaa au kupita. Hilo la vidonge wasichana wachache sana walionijia wamewahi kulisikia.

---

#8 Nahodha_Shela

Nesi, Kadzo amegusa samaki wetu, tukanyamaza. Sasa wewe umefika kwenye chai! Hapo utapata taabu na Amu nzima.

---

#9 BintiWatamu

Nesi nisaidie hapo kwenye ndimu. Nyumbani nimeambiwa tangu nivunje ungo: ukiwa kwenye siku zako usile ndimu, usile embe mbichi, usinywe maji baridi, damu itakatika ikurudie. Bibi yangu ni mtu ninayemheshimu kuliko mwalimu yeyote. Shuleni naandika "vitamini C ni muhimu" napata alama, nikirudi nyumbani nasogezewa ndimu mbali. Vile vile samaki na maziwa, utapata mbalanga.

Kwa hiyo mtu akiniuliza najua nini kuhusu lishe, nitamwambia najua vitu viwili vinavyopigana.

---

#10 Nesi_wa_Pwani

BintiWatamu, ndimu haikati damu ya hedhi, na siku hizo ndizo unazoihitaji zaidi. Mbalanga ni kinga ya mwili inaposhambulia chembe zinazotoa rangi ya ngozi. Samaki na maziwa hawahusiki. Usimbishie bibi mbele za watu. Mpelekee haya polepole, ukae naye, au mlete kliniki siku moja tuzungumze. Mabibi wakielewa ndio walimu wazuri kutushinda sote.

---

#11 Mwalimu_Mpeketoni

Nimechelewa kuingia, lakini Bi Mkomani ameuliza swali ninaloliishi.

Sehemu kubwa ni sisi na vitabu vyetu. Mtoto wa pwani anasoma chakula kwa picha ya chakula cha watu wengine. Kuna ukuta wa darasa nilioingia mwaka jana una ile piramidi ya chakula ya Wamarekani ya 1992, wakati wao wenyewe waliibadilisha 2005, na 2011 wakahamia mchoro wa sahani. Huku kwetu bado mtoto anakariri ngazi za piramidi, chini mkate na pasta, juu kabisa mafuta.

Halafu somo lenyewe linadai vitendo. Kupika kunataka mkaa au gesi, sufuria, viungo. Darasa lina watoto hamsini na zaidi, fungu la vitendo halitoshi, basi mwalimu anachora sufuria ubaoni. Mtoto anayejifunza kupika kwa kuchora atajuaje kiasi cha chumvi?

Nilipowaambia wangu walete mmea mmoja unaoliwa kutoka nyumbani, huku Mpeketoni walileta terere, managu, majani ya maboga, kisamvu. Kijana mmoja aliyehamia kutoka Faza alileta mchunga, na wengine hawakuwahi kuuonja kwa sababu ni mchungu. Mjadala uliozuka hapo, jinsi ya kuupunguza uchungu kwa kuuchemsha na kumwaga maji, jinsi ya kuutia tui, ulizidi somo lolote la kitabuni nililowahi kufundisha. Basi mimi nasimama na Bi Mkomani: wamefundishwa chakula kisicho chao.

---

#12 Kadzo_wa_Magarini

Mwalimu, na wakishajua chao, watakinunua na nini?

Niongeze moja ambalo halisemwi. Tangu 2012 sheria inataka unga wa mahindi na wa ngano unaouzwa kwa pakiti utiwe virutubishi, chuma na zinki vikiwemo, na mafuta ya kupikia yatiwe vitamini A. Vizuri sana kwa anayenunua pakiti. Sisi tunabeba mahindi yetu kwenye debe tunapeleka kinuni. Hakuna anayetia chochote pale. Na mafuta tunanunua ya kupimiwa kwenye kikombe, yamekaa juani kwenye mtungi mweupe siku nzima. Kwa hiyo mtoto maskini anakosa hata kile ambacho serikali imekitia kwa wote.

Chumvi nayo, sisi tumekaa nayo mlangoni, Gongoni na Marereni mabwawa ya chumvi yanang'aa hadi yanaumiza macho. Nilimuuliza mtoto wa dada yangu kwa nini chumvi ya dukani hutiwa madini ya joto (iodini). Hajui. Anajua baba yake anaichota kwa koleo.

---

#13 Kahindi_Chuma

Mnazungumza wasichana tu. Sisi wavulana wa jimu ya Maweni tunaijua protini kuliko hilo somo lenu. Simu imetufundisha. Mayai mabichi manne asubuhi, kuku bila ngozi, ile poda ya kopo ukiwa na hela. Msiseme simu ni mbaya tu.

---

#14 Mhesabu_Gede

Kahindi, hiyo simu haikukuambia kwamba yai la kupikwa mwili hutumia karibu 90% ya protini yake, na bichi ni karibu nusu tu. Kila asubuhi unamwaga mayai mawili kati ya manne. Na bakteria wa salmonela unawapata bure.

Poda ya kopo ni mbaazi na dagaa za wiki ngapi kwa bei hiyo?

---

#15 Kahindi_Chuma

Basi nitayachemsha. Lakini dagaa hawajengi kifua kama poda, hilo hamtanishawishi. Mbona wenye vifua wote mtandaoni wana kopo?

---

#16 Mama_Wanne (Amu)

Kwa sababu wamelipwa kulishika hilo kopo, mwanangu.

Mimi nina binti wawili rika hilo. Mkubwa hali chakula cha usiku, asubuhi anakunywa maji ya moto na ndimu "yayeyushe mafuta". Mafuta gani, mtoto ana mikono kama fito? Nikimwambia ale ananitajia kalori za kila kitu: chapati hii kalori kadhaa, wali huu kadhaa. Anazijua kwa kichwa! Kwa hiyo mimi nawaambia, kujua kwenyewe kunaweza kuwa ugonjwa. Huyu anajua mno, na anakonda mbele yangu. Kila usiku namwekea sahani nifunike na kawa. Kuna siku naikuta imepungua, kuna siku naikuta vile vile.

Mdogo wake hajui lolote, anakula ubwabwa na samaki wa kupaka, ana afya na anacheka.

Sijui mnalielezaje hilo.

---

#17 Nesi_wa_Pwani

Mama Wanne, usilichukulie jambo dogo, hasa akianza kukosa hedhi au kuanguka. Mlete aonwe. Na kalori usishindane naye, zungumza naye kuhusu nguvu: nywele, masomo, kutembea bila kuchoka. Nitakuandikia faraghani.

---

#18 Nahodha_Shela

Pole sana Mama Wanne. Kawa ndiyo dawa, endelea kufunika.

Niulize lingine. Hawa watoto wameambiwa shuleni nazi ina mafuta mabaya. Mjukuu wangu amekataa wali wa nazi! Watu wa Lamu wameila nazi tangu mawe ya mji huu yapangwe, na wazee walifika miaka mingi wakipanda minazi wenyewe.

---

#19 Mhesabu_Gede

Mzee, mjukuu hajasema uongo. Zaidi ya 80% ya mafuta ya nazi ni yale yanayoganda, yanayopandisha kolesteroli mbaya. Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2017 kilishauri watu wasiyatumie.

---

#20 Mwalimu_Mpeketoni

Mhesabu, ngoja. Kuna visiwa vya Pasifiki, Tokelau na Pukapuka, vilivyochunguzwa miaka ya nyuma. Watu wake walipata sehemu kubwa ya chakula chao kwenye nazi, kolesteroli ilikuwa juu, lakini ugonjwa wa moyo ulikuwa haba. Walikula samaki pia, na sukari kidogo sana. Kwa hiyo tui la kwenye mbaazi, pamoja na samaki na mchicha, si sawa na kukaangia viazi mafuta hayo hayo mara kumi.

---

#21 Mhesabu_Gede

Na walikuwa wakivua na kupiga makasia kutwa. Mjukuu wa Nahodha anapiga makasia?

---

#22 Nahodha_Shela

Anapiga simu.

---

#23 Kilindini_Zamani

Wavulana msiwasahau na muguka, yale majani ya kutafuna jamii ya miraa. Mtaa mzima hapa Malindi kijana ametafuna tangu alasiri, usiku hataki kula, asubuhi anataka soda. Mnaongea vitamini na njaa yenyewe imekufa. Mwezi wa 5 mwaka 2024 Mombasa na Kilifi walipiga marufuku, nikasema alhamdulillahi, kisha kesi zikaanza.

---

#24 Msimamizi

Muguka una uzi wake, wa kurasa nyingi. Hapa tubaki na chakula.

---

#25 Kilindini_Zamani

Ni chakula, msimamizi. Kinakula chakula. Lakini sawa.

---

#26 Mama_Karai (Malindi)

Hamjambo. Mimi ndiye yule wa getini mnayemsema. Si shule ya huyo kijana labda, lakini kazi ni moja, viazi karai na kachiri.

Naamka saa tisa usiku. Nachemsha viazi, nakoroga unga wa ngano na ile rangi ya manjano, natengeneza chatne ya ukwaju na ya nazi, saa kumi na moja karai iko moto. Kiazi kikaangwe kitoke kikavu, kisinywe mafuta, huo ni ujuzi, si kila mtu anaweza. Msidhani namlisha mtoto wa mtu kitu nisichompa wangu.

Mlidhani sikujaribu matunda? Nilileta ndizi na mapapai yaliyokatwa. Papai likikaa saa mbili juani lishaanza kutoa maji, nzi wako juu, mwalimu wa zamu ananifukuza kwa uchafu. Jioni nikamwaga. Hasara ile iliniingilia kwenye kodi ya nyumba. Viazi visipoisha nakula na wanangu usiku, papai lililochacha sifanyi nalo lolote.

Kinachotoka kwenye matunda ni embe mbichi. Ile ya kukata vipande, chumvi na pilipili ya unga juu. Hiyo wasichana wanaipigania. Na muhogo wa kukaanga na ndimu. Kwa hiyo nesi, hiyo vitamini C yako naiuza, ila hakuna anayeiita hivyo.

Mafuta nabadilisha nikipata. Bei ya mtungi mnaijua.

---

#27 Bi_Mkomani (Amu)

Mama Karai, ahsante sana kwa kuingia. Nimesoma kila mchango, na naona kila mtu ana kipande chake: mwalimu anasema kitabu, Kadzo anasema mfuko, BintiWatamu anasema nyumbani na shule vinavutana, Kijana anasema aibu na foleni, Mama Wanne ametuonyesha kujua kunakozidi. Mimi bado naegemea kwa mwalimu, kwa sababu yule msichana aliponiambia "ni vya nyumbani tu" nilimwona amedharau sahani ya mama yake, na dharau hiyo hakuzaliwa nayo.

Mama Karai nikuulize: mbaazi hazitauzika getini? Sufuria inakaa na joto, haziharibiki upesi kama papai, na ndimu unakamua juu.

---

#28 Mama_Karai (Malindi)

Zinauzika asubuhi tu, na zinataka bakuli na kijiko. Bakuli mtoto anaondoka nalo. Nikitia kwenye mfuko wa karatasi rojo linavuja kwenye shati la shule, mama yake anakuja juu.

---

#29 Kijana_K3 (Malindi)

Mama, tia ndani ya chapati! Mbaazi nzito zisizo na rojo jingi, unazungushia chapati, ndimu na pilipili. Sina shaka wataacha smoki. Na haina sura ya chakula cha nyumbani.

---

#30 Kadzo_wa_Magarini

Shilingi ngapi?

---

#31 Mama_Karai (Malindi)

Chapati yenyewe 20. Mbaazi zimepanda, nazi imepanda zaidi. Nikiuza 50 nabakiwa na kidogo sana, nikiuza 60 hamsini yako Kadzo haitoshi.

---

#32 Kadzo_wa_Magarini

Si niliwaambia.

---

#33 Nesi_wa_Pwani

Mama Karai, bila nazi je? Chukuchuku, kitunguu na nyanya tu?

---

#34 Nahodha_Shela

Mbaazi bila nazi! Nesi, kwanza chai, sasa na hili.

---

#35 Kijana_K3 (Malindi)

Nusu chapati, shilingi 30. Inabaki 20 ya maji baridi, kama pana mtu atatuuzia maji baridi kwa 20. Mama uko geti la shule gani? Niandikie faraghani, nije na wenzangu tuonje kabla hujaweka pesa nyingi.